Ngazi za Kodi na Mafao ya Mstaafu: Kinachokatwa na Kisichokatwa

Matini ya mada iliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu na familia zao



Nimeombwa kueleza jambo moja ambalo huulizwa mara kwa mara katika ofisi za Halmashauri, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba muulizaji anaogopa jibu. Swali lenyewe ni hili: mtumishi akistaafu, akalipwa mkupuo wa mamilioni kwa siku moja, je, fedha hizo zinampandisha hadi ngazi ya juu ya kodi, Serikali ikachukua theluthi yake? Na akiendelea kupokea pensheni, kisha akapata kibarua kingine, je, vyote viwili hujumlishwa na kutozwa pamoja?

Jibu fupi kwa mtumishi wa umma ni hapana. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu asiyejua sababu ya jibu hilo hudanganyika kwa urahisi siku atakapopigiwa simu na mtu anayejua kupanga maneno. Kwa hiyo naomba twende hatua kwa hatua. Kwanza, ngazi za kodi zinafanyaje kazi. Pili, mchango wa mfuko unaigusaje kodi wakati mtu bado yuko kazini. Tatu, mafao yenyewe yanahesabiwaje yanapotoka. Nne, ni mapato gani ya mstaafu ambayo kodi inayagusa. Na mwisho, tujilinde vipi.

Ngazi za kodi zinavyofanya kazi

Kodi ya mshahara, ile inayoandikwa PAYE katika hati ya malipo, hutozwa kwa ngazi. Kwa Tanzania Bara, viwango vya mwezi ni hivi:

Mapato yasiyozidi shilingi 270,000 hayatozwi kitu.
Sehemu iliyo kati ya 270,000 na 520,000 hutozwa asilimia 8.
Sehemu iliyo kati ya 520,000 na 760,000 hutozwa asilimia 20.
Sehemu iliyo kati ya 760,000 na 1,000,000 hutozwa asilimia 25.
Sehemu inayozidi 1,000,000 hutozwa asilimia 30.

Neno la kushika hapa ni "sehemu". Hebu tufikirie madebe matano yaliyopangwa kwa safu, moja juu kidogo ya jingine, na maji yakimiminwa katika debe la juu. Likijaa, maji ya ziada humwagikia la pili. La pili likijaa, humwagikia la tatu. Maji yaliyokwisha kuingia debe la kwanza hayahami. Vivyo hivyo, mshahara unapovuka shilingi 1,000,000, asilimia 30 haiurudii mshahara wote. Inagusa zile shilingi zilizovuka tu.

Wapo wanaoamini vinginevyo. Husemwa mitaani kwamba cheo kikipanda, kodi hula nyongeza yote na mtu hurudi nyumbani na fedha pungufu kuliko za mwezi uliopita. Tulipime dai hilo kwa hesabu. Chukueni mtumishi wa mfano mwenye mshahara wa shilingi 1,040,000. Mchango wake wa mfuko wa pensheni ni asilimia 5, yaani 52,000. Kinachobaki kutozwa kodi ni 988,000, na kodi yake ni 125,000. Tukiweka kando makato mengine, anapokea 863,000. Sasa apandishwe mshahara hadi 1,100,000. Mchango unakuwa 55,000, kinachotozwa kodi ni 1,045,000, na kodi ni 141,500. Anapokea 903,500.

Nyongeza ilikuwa 60,000. Kodi iliongezeka kwa 16,500 na mchango kwa 3,000. Mfukoni ziliingia 40,500 zaidi. Hakupungukiwa. Ni kweli kwamba zile shilingi za mwisho zilitozwa asilimia 30, lakini ukiigawanya kodi yake yote kwa mapato yote yanayotozwa, utaona kuwa analipa takriban asilimia 13.5. Kiwango cha ngazi ya juu aliyofikia ni jambo moja. Mzigo wa jumla ni jambo jingine.

Hesabu hiyo inawahusu pia wa kima cha chini. Mei Mosi ya mwaka 2025 Mheshimiwa Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Nyongeza ni 130,000. Kodi ya mtumishi huyo inapanda kutoka 6,520 hadi 16,400, na mchango wake kutoka 18,500 hadi 25,000. Baada ya vyote viwili, zinazobaki mkononi ni 113,620 zaidi ya awali. Hakuna ngazi ya kodi ya mshahara inayomfanya mtu ajutie kupanda cheo.

Mchango wa mfuko hupunguza kodi kuanzia juu

Ndugu zangu, watumishi wengi huutazama mchango wa pensheni kama fedha iliyopotea. Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, uliundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri huchangia asilimia 15, jumla asilimia 20.

Asilimia 5 ya mtumishi hutolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. Hii maana yake ni kwamba mchango huchotwa kutoka debe la mwisho, lile lenye kiwango kikubwa kuliko yote aliyoyafikia. Mtumishi wa shilingi 1,200,000 huchangia 60,000. Kama asingechangia, kodi yake ingekuwa 188,000. Kwa kuwa anachangia, kodi ni 170,000. Amepunguziwa 18,000. Kwa hiyo akiba ya 60,000 imempunguzia fedha za mkononi 42,000 tu, na juu yake mwajiri ameweka 180,000.

Nasema haya kwa sababu wapo vijana walioajiriwa karibuni ambao hawajawahi kuhakiki michango yao. Programu ya simu ya PSSSF Kiganjani inamwezesha mwanachama kuiona. Kosa la miezi michache likigundulika leo, ni kazi ya barua mbili tatu. Likigundulika siku ya kustaafu, mtu ana miaka 60, barua za zamani zimeliwa na mchwa, na ofisi aliyoanzia kazi imekwisha kuunganishwa na nyingine.

Mafao yanapotoka

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Katika nchi nyingine, fedha ya akiba ya uzeeni haitozwi kodi inapoingia, bali hutozwa inapotoka. Marekani ndivyo ilivyo kwa akaunti za kawaida za kustaafu zinazowekwa kupitia mwajiri, zile zinazojulikana kama 401(k). Kila dola inayotolewa huongezwa juu ya mapato mengine ya mwaka huo na kupanda ngazi, ambazo huko huanzia asilimia 10 hadi 37. Anayetoa kabla ya kufikisha umri wa miaka 59 na nusu kwa kawaida huongezewa asilimia 10 nyingine. Ndiyo maana washauri wa huko huwaambia wazee wao watoe kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, wasirushwe hadi ngazi ya juu kwa kutoa nyingi kwa mara moja. Hata jirani zetu wa Kenya walikuwa wakitoza pensheni inayozidi shilingi 25,000 za Kenya kwa mwezi kwa wastaafu wasiofikisha miaka 65, mpaka sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa Desemba 2024 na kuwasamehe waliofikia umri wa kustaafu.

Ushauri wa Marekani ni sahihi kwa Marekani. Tatizo ni kwamba husafiri. Mtoto aliye ughaibuni humtumia mama yake, video hutafsiriwa na kusambazwa katika makundi ya simu, na mwalimu wa kijijini kwetu akaanza kuogopa mkupuo wake mwenyewe.

Kwetu, Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inayaacha nje ya mapato ya ajira mafao ya kustaafu ya watumishi wa umma yaliyosamehewa kisheria. Mkupuo hauwekwi juu ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Pensheni ya kila mwezi haiingizwi katika madebe yale matano.

Tuone ukubwa wa jambo hili kwa mfano. Kikokotoo kinachotumika tangu Julai 2022 huchukua wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu bora katika miaka kumi ya mwisho, hukizidisha kwa idadi ya miezi ya kuchangia, kisha hugawanya kwa 580. Hapo hupatikana pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hulipwa kwa mkupuo baada ya kuzidishwa kwa 12.5, na sehemu inayobaki hulipwa kila mwezi. Sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33. Katika Bajeti ya mwaka 2024/25 ilipandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi la wanachama ambao zamani walikuwa wakilipwa asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa wale ambao zamani walikuwa wakilipwa asilimia 25.

Mwalimu wa mfano ana wastani wa shilingi 14,400,000 kwa mwaka na amechangia miezi 360, yaani miaka 30. Pensheni yake kamili ya mwaka ni takriban 8,937,900. Akiwa katika kundi la asilimia 40, mkupuo wake ni takriban shilingi milioni 44.69, na pensheni yake ya mwezi ni takriban 446,900.

Kama mkupuo huo ungetozwa kodi kama mshahara, hata kwa kutumia ngazi za mwaka mzima na bila kuhesabu mapato mengine yoyote, kodi ingezidi shilingi milioni 11. Hiyo ni nyumba ya vyumba kadhaa kijijini, au ada ya mjukuu kwa miaka mingi. Na pensheni yake ya mwezi, kama ingetozwa, ingekatwa takriban 14,150 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Kwa sheria yetu, kodi ya mkupuo huo ni sifuri, na kodi ya pensheni hiyo ni sifuri.

Mapato ambayo kodi inayagusa

Msamaha huu ni wa mafao ya mfuko. Si msamaha wa kila shilingi itakayopita mkononi mwa mstaafu, na hapa ndipo pengine watu hukosea kwa upande wa pili.

Malipo yanayotolewa na mwajiri kwa sababu ya kazi, kama vile malimbikizo ya mshahara, hubaki kuwa mapato ya ajira hata yakilipwa karibu na siku ya kuaga. Hayo hupanda ngazi kama kawaida. Mstaafu akiona fungu moja limekatwa na jingine halijakatwa, asidhani ameonewa. Aulize kila fungu limetoka wapi.

Mstaafu akipata kazi ya mkataba, mshahara wa mkataba hutozwa kodi. Lakini pensheni haiwekwi chini yake kama msingi wa kuupandisha. Mwalimu wetu wa mfano akiajiriwa na shule binafsi kwa shilingi 400,000 kwa mwezi, tukiacha makato mengine, madebe huanza kujazwa upya: 270,000 za kwanza hazitozwi, na 130,000 zinazobaki hutozwa asilimia 8, yaani 10,400. Mwajiri anayejumlisha pensheni yake na mshahara huo angemkata karibu 89,700. Tofauti ni kubwa, na mwenye kuifahamu ana haki ya kuomba hesabu irekebishwe.

Mafao yakishapokewa na kuwekwa kazini, faida yake ndiyo hutozwa, si mtaji. Riba ya amana ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla ya kuingia katika akaunti, na mtaji wenyewe hauguswi. Mstaafu aliyejenga nyumba ya kupangisha afahamu kwamba pango nalo lina kodi ya zuio ya asilimia 10. Aliyefungua duka dogo aandikishwe TRA na kupata namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure. Biashara ya mtu binafsi ambayo mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka haitozwi kodi ya mapato kwa mfumo wa makadirio. Ikizidi hapo, mwenye kutunza kumbukumbu za mauzo ana nafasi ya kukadiriwa kwa hesabu zake mwenyewe.

Kujilinda

Sasa niseme sababu iliyoifanya Halmashauri iipe mada hii nafasi katika mkutano wa kata.

Mtumishi anapokaribia miaka 60, au 55 kwa anayestaafu kwa hiari, habari zake hujulikana kwa wengi. Matapeli nao huzipata. Simu hupigwa: "Shikamoo mwalimu, tunakupigia kutoka makao makuu, mafao yako yako tayari, lakini kuna kodi ya kuyaachilia. Tuma kiasi fulani kwa namba hii leo, la sivyo faili linarudi." Mpigaji hutaja jina kamili, namba ya hundi ya mshahara na shule aliyofundisha. Anayeamini kwamba mkupuo hutozwa asilimia 30 huona kodi ya laki tatu au tano kuwa nafuu kubwa, naye hutuma. Ujinga wa ngazi za kodi ndio mlango anaopitia mwizi huyo.

Basi tukumbuke mambo haya. Hakuna kodi ya kuachilia mafao. Mfuko haudai malipo ili uharakishe faili. Mafao hulipwa kupitia akaunti ya benki ya mstaafu mwenyewe. TRA haikusanyi kodi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Malipo halali ya Serikali huwa na namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Na hakuna ofisa yeyote, awe wa Halmashauri, wa mfuko au wa benki, mwenye haki ya kuuliza namba ya siri ya mtu.

Ukipata ujumbe wa aina hiyo, usiujibu. Utume pamoja na namba ya mtumaji kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya taarifa za utapeli wa simu. Anayekuomba rushwa ili ashughulikie faili lako, toa taarifa TAKUKURU kwa namba 113. Ikiwa umekwisha kutuma fedha, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, na piga simu kwa kampuni yako ya simu. Usikae kimya kwa aibu. Aibu ya mzee mmoja humwacha mwizi huru kumpigia mzee wa nyumba ya pili.

Kwa wanaokaribia kustaafu, anzeni maandalizi mapema. Kusanyeni barua ya kwanza ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa vyeo na hati za mshahara, kisha mzihifadhi nakala mahali pawili. Haki ya pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi isiyopungua 180. Hesabuni yenu kabla ya kuandika barua ya kustaafu kwa hiari, kwa maana miezi michache inayokosekana hubadili uzee wote. Idara ya Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu ya Halmashauri hupokea maswali ya watumishi, ofisi ya PSSSF ya mkoa hueleza kikokotoo, na ofisi ya TRA hueleza kodi. Ofisi ya Mtendaji wa Kata itawaelekeza wasiojua pa kuanzia.

Na kwa familia: mwenye mzazi mstaafu amsomee mada hii jarida litakapotoka, taratibu, mpaka kwenye ile hesabu ya mwalimu wa mfano. Mzee akishika jambo moja tu, kwamba mafao yake hayana kodi ya kulipia kwa simu, kikao cha leo kitakuwa kimelinda fedha nyingi kuliko ambazo kimegharimu.

 Karibuni kwa maswali.